Pijo ya Dar iliyowagaragaza wenye viwanda



Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuzungumze magari. Hapa Korogwe ukitaja mbio za magari, vijana wengi watakutajia Formula One ya kwenye televisheni, au Safari Rally ya Naivasha wanayoiona kwenye simu. Ukikaa na watu wazima pale Manundu, jibu linabadilika. Watakuambia Safari ilikuwa ya kwetu pia, na iliwahi kuchukuliwa na gari kutoka Dar es Salaam mara mbili mfululizo. Wengine hudhani ni soga za kijiweni. Sio soga. Ni Pasaka ya 1966 na Pasaka ya 1967, na gari lenyewe ni Peugeot 404, ile ile ambayo babu zetu waliiita Pijo.

Kinachonivutia zaidi sio ushindi wenyewe. Ni nani aliyeliingiza gari hilo mashindanoni. Halikutumwa na kiwanda kutoka Ufaransa. Liliingizwa na wakala wa magari wa Dar, watu wa kuuza na kutengeneza, waliochukua gari la aina ile ile waliyokuwa wakimuuzia bwana shamba na mganga mkuu, wakaliandaa kwenye gereji yao, wakaenda kupambana na makampuni makubwa ya dunia. Huko Ulaya timu za namna hii huitwa timu za wateja. Unanunua gari kwa aliyelitengeneza, halafu akili, mafundi na hasara ni vyako.

Sasa turudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Mwaka 1953, malkia Elizabeth wa Pili anatawazwa kule London, Wazungu wa Kenya wakatafuta namna ya kusherehekea. Eric Cecil alikuwa na binamu yake, Neil Vincent, ambaye hakupenda mashindano ya kuzunguka uwanja mmoja kama yale ya karibu na Nakuru. Yeye alitaka kuendesha mbali, avuke nchi hadi nchi na kurudi. Wakapanga mbio za kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakaziita Coronation Safari. Baadhi ya washiriki walianzia Morogoro, wengine Kampala, wengine Nairobi. Mwaka 1960 jina likageuzwa kuwa East African Safari.

Kulikuwa na sheria moja ya mwanzo ambayo ndiyo iliyozaa hadithi yote hii. Magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa kawaida Ulaya. Yaligawanywa kwa bei ya dukani hapa Afrika Mashariki, na yalitakiwa yawe kama yanavyouzwa. Maana yake ni kwamba mashindano yalijibu swali la mnunuzi: kwa fedha niliyo nayo, gari gani litanifikisha? Ndiyo maana mawakala wa Nairobi, Kampala na Dar walikimbilia kushiriki. Gari likishinda Jumatatu ya Pasaka, wiki inayofuata watu wanaulizia dukani. Hakuna tangazo la gazetini linaloweza kufanya kazi hiyo.

Halafu kuna suala la barabara, na hapa ndipo sisi tunaingia.

Ramani ya miaka ile ni tofauti na ya leo. Mtu aliyetoka Moshi kwa gari kwenda Dar au Morogoro alishuka Same, Mombo, akafika Korogwe. Hapo hakuna ujanja, milima ya Usambara iko kushoto kwako na nyika ya Masai iko kulia, njia ni moja. Kutoka Korogwe, njia ya zamani ya kwenda Morogoro ilivuka mto Pangani ikaingia Handeni, ikaendelea Turiani. Waandaaji wa Safari nao waliipenda sana Usambara. Ile barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto, kama kilometa 33 hivi, kwa abiria wa leo ni ya kufumba macho, na leo ina lami. Wafikirie waliopanda usiku, mvua inanyesha, taa za magari ya miaka ya 60, chini bonde.

Na mvua yenyewe haikuwa bahati mbaya. Safari ilipangwa Pasaka, na kila mkulima wa Tanga anajua Pasaka na masika ni ndugu. Udongo wa huku kwetu nao una tabia zake. Upande wa Handeni kuna udongo mwekundu ambao ukiwa mkavu ni vumbi la kuziba pua, ukilowa ni sabuni. Mabondeni kuna ule mweusi wa mbuga, ukishaingia tairi umeingia, unaomba trekta. Mto ukijaa daraja la chini halionekani. Injini ya nguvu inakusaidia nini hapo? Kinachotakiwa ni gari lililo juu, lenye springi za kuvumilia, na dereva anayejua kuwa dimbwi hili unapita kulia na lile unalizunguka kwa porini.

Ndiyo maana kwa karibu miaka 20 wageni walikuja na kurudi mikono mitupu. Walikuja mabingwa wa Ulaya, majina makubwa kabisa. Erik Carlsson wa Sweden, bingwa wa Monte Carlo, alikuja na kigari chake cha Saab. Mwaka 1964 alinasa kwenye tope, yeye na msoma ramani wake Gunnar Palm wakalibiringisha gari zima juu chini mpaka likatoka dimbwini, wakaendelea! Waandishi walipokataa kuamini, akalibiringisha tena mbele yao. Pamoja na ubunifu wote huo alimaliza wa pili. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya kwa Ford Cortina.

Mwaka mmoja kabla, 1963, magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Saba! Mwaka 1968 yakaanza 93, yakafika tena 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa yule yule, Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, na gari lile lile, Peugeot 404.

Kabla sijafika kwenye Pijo yetu lazima nimtaje Joginder Singh, kwa sababu huwezi kuandika habari za timu za kujitegemea Afrika Mashariki ukamruka Kalasinga huyu. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye gereji ya baba yake, akafanya kazi ya doria kwenye chama cha wenye magari, kuwakwamua walioharibikiwa barabarani. Shule gani ya udereva inashinda hiyo? Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo kilileta magari yake kutoka Sweden, mambo hayakwenda vizuri, na magari yakabaki huku. Joginder akachukua moja lililotumika, Volvo PV544, umbo la mgongo wa kobe, muundo uliokuwa umeshapitwa na wakati. Akalifumua na kulifunga upya yeye na ndugu zake. Pasaka ya 1965 akapangiwa kuanza namba moja, msoma ramani ni mdogo wake Jaswant, wakaongoza na kushinda kwa tofauti ya saa moja na dakika 40. Sio sekunde, wadau. Saa moja na dakika 40, kwa gari la mtumba ambalo kiwanda kilishalikatia tamaa.

Hapo mtu wa Dar aliyekuwa anafuatilia aliona kuwa inawezekana.

Bert Shankland alikuwa Mskoti aliyehamia Tanganyika na kufanya maisha yake Dar es Salaam. Kampuni ilikuwa Tanganyika Motors, mawakala wa Peugeot. Msoma ramani wake aliitwa Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa 404 yenye injini ya lita 1.6 hivi, ya kupuliza mafuta moja kwa moja bila kabureta. Kwa leo hiyo ni kawaida, lakini wakati ule gari la familia lenye mfumo huo lilikuwa jambo la kuzungumziwa. Faida yake ni ndogo kuieleza na kubwa barabarani: gari linapanda Kitonga au Soni, kisha linashuka kwenye joto la pwani, na injini haibadiliki sauti. Muundo wa bodi ulichorwa na Pininfarina wa Italia, lakini nadhani kilichoipa 404 jina huku kwetu ni chini ya gari, sio juu. Springi ndefu, bodi ngumu, iko juu ya ardhi. Fundi wa kawaida mwenye spana na jeki aliweza kuirudisha barabarani.

Wakashinda 1966. Watu wakasema mvua imewasaidia, kwani mwaka ule ulikuwa wa tope na wengi waliishia njiani. Mwaka 1967 kukawa kukavu, magari yakakimbia kweli kweli, hakuna kisingizio cha tope. Shankland na Rothwell wakashinda tena. Kushinda mwaka wa tope na mwaka wa vumbi kwa gari la aina moja, hiyo mimi naiheshimu kuliko ushindi wa mwaka mmoja wa bahati.

Sasa tazameni tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Pasaka ya mwaka ule iliangukia Machi 26. Yaani kati ya Azimio na ushindi wa pili wa Pijo ya Dar hazikupita hata wiki nane. Benki zimetaifishwa, mashamba ya mkonge mengi ya Tanga, yakiwemo ya huku Korogwe, yako mbioni kuchukuliwa na serikali, viongozi wanaambiwa wachague kati ya uongozi na biashara, na katikati ya hayo yote kampuni binafsi ya magari inailetea nchi kombe kubwa la mbio kuliko yote Afrika. Sisemi kwamba mtu alipanga iwe hivyo. Nasema tu kwamba historia yetu ya shule ina ukurasa mmoja na haina mwingine.

Kuna swali ambalo msomaji mkali ataniuliza, na ana haki. Je, huo ulikuwa ushindi wa Tanzania au wa Wazungu wawili waliokuwa wanaishi Tanzania? Mimi najibu hivi. Ukiangalia orodha ya washindi wa Safari miaka yote ya 50, 60 na 70 hutaona Mwafrika mweusi hata mmoja. Wahindi wapo, Joginder na baadaye Shekhar Mehta. Gari lilikuwa ghali, likizo ya wiki ya mbio ilikuwa ghali, na vilabu vya magari vilianza vikiwa vya walowezi. Ilichukua hadi 1994 kwa Mkenya Patrick Njiru kumaliza wa nne kwa Subaru, na hilo lilikuwa jambo la kihistoria.

Lakini gari la mbio halitembei na dereva peke yake. Kuna aliyelifunga injini. Kuna aliyesubiri usiku kucha kando ya barabara na tairi, mafuta na springi. Na kuna wanakijiji. Kila anayesimulia Safari anasimulia wasukumaji, vijana waliokaa kwenye dimbwi kubwa wakisubiri gari linase, kisha shilingi zinahesabiwa kwanza ndipo mabega yanawekwa. Inasemekana sehemu nyingine dimbwi lenyewe liliongezewa maji kidogo usiku, biashara isilale! Dereva anaandikwa kwenye kitabu, msoma ramani anaandikwa, wakala anaandikwa. Aliyesukuma hakuandikwa. Nikiwa mwandishi wa habari hilo linaniuma kuliko suala la nani alikuwa na pasipoti ipi, kwa sababu wengine wao wangali hai, na kila msiba wa mzee huku kwetu unaondoka na ushahidi.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Viwanda vilichoka kushindwa na mawakala. Nissan walikuja 1963 wakaumbuka, hawakukata tamaa, wakarudi kila mwaka wakijifunza kutoka kwa madereva wa huku. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akawapa ushindi 1970 kwa Datsun 1600 SSS na 1971 kwa 240Z. Mwaka huo wa 1971 Shankland bado alikuwemo, akamaliza wa tatu, safari hii kwa Peugeot 504. Mbele yake zilikuwa Datsun mbili, ya Herrmann na ya Mehta. Ukiisoma orodha ile unaona zamu inabadilika.

Mwaka 1972 Safari ilianzia na kumalizikia Dar es Salaam. Ndiyo, Dar yetu hii. Na ndio mwaka ambao mgeni alishinda kwa mara ya kwanza, Hannu Mikkola wa Finland akiwa na Gunnar Palm, yule yule wa kubiringisha Saab. Gari lilikuwa Ford Escort ya kiwanda, na kiwanda kilikuja na mafundi wake na magari yake ya huduma. Gereji ya wakala wa mjini ingeshindana vipi na hilo? 1973 Mehta akashinda kwa Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walilingana alama, ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama mbaya ya kwanza. Mehta huyu ni wa familia yenye kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda, na mwaka uliotangulia Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia. Aliendelea akiwa Mkenya, akashinda mara tano kwa jumla.

Katikati ya miaka ya 70 mbio zikabaki Kenya peke yake, na jina likawa Safari Rally tu, bila Afrika Mashariki. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Jumuiya ikafa mwaka huo huo. Mpaka ulifunguliwa 1983. Kwa upande wetu uagizaji wa magari ulishaingia mikononi mwa shirika la umma, spea zikawa za kuombea kibali, na mwanzoni mwa miaka ya 80 gari binafsi hata kutembea Jumapili alasiri lilikatazwa ili kuokoa mafuta. Nchi ambayo huruhusiwi kwenda kumsalimia shangazi Jumapili jioni kwa gari lako, nani ataingiza timu ya mbio? Wapo wanaolaumu siasa peke yake. Mimi naona hata bila siasa wakala wa Dar angeshindwa tu, kwa sababu Kenya waliobaki na soko huria nao walizidiwa. Kufikia miaka ya 80 ni Toyota, Nissan, Opel na Lancia, helikopta juu inaangalia ng'ombe barabarani, mamilioni ya fedha chini. Dereva wa huku akawa anaajiriwa na kiwanda, au anashiriki kwa ajili ya kushiriki.

Tangu 1967 hakuna gari lililotoka Tanzania lililoshinda tena Safari.

Cha ajabu ni kwamba ile biashara ya timu za wateja imerudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2003, miaka 50 tangu Coronation Safari, zilianzishwa mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic, na mara kadhaa zimevuka mpaka kuingia Tanzania. Humo viwanda sio wenyeji wa shughuli. Kuna gereji za watu binafsi. Inayojulikana zaidi ni Tuthill ya Uingereza, ambayo huchukua Porsche 911 za zamani, huzifunga upya kwa ajili ya mawe na tope la Afrika, kisha huwahudumia wateja wanaotaka kushindana, gari, mafundi, spea na kila kitu. Mteja analeta kofia ya chuma na hundi. Mwaka 2011 Björn Waldegård wa Sweden, akiwa na miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea ramani, alishinda kwa Porsche ya gereji hiyo. Mwaka 2015 akashinda Stig Blomqvist, naye kwa Porsche ya hao hao.

Tofauti na Tanganyika Motors ni mwelekeo wa fedha. Wale wa Dar waliingiza gari ili mwalimu wa Handeni na mfanyabiashara wa Korogwe wanunue lililo kama hilo. Hawa wa sasa wanaandaa gari ambalo hakuna mtu wa huku atakayelinunua, ili mtu wa mbali aje alikodi wiki moja. Silaumu, ni biashara halali na mafundi wao ni hodari kweli. Ila barabara wanayoifuata inazidi kuwa adimu. Korogwe hadi Handeni, kilometa 65, ina lami. Handeni hadi Mkata, kilometa 54, ina lami. Ukitaka kuona tope la kumnasa bingwa wa Monte Carlo, siku hizi inabidi utoke barabara kuu uingie vijijini wakati wa masika, na huko utazikuta bodaboda zinapita bila msoma ramani.